Kabla hujanunua kalipa za dhahabu: breki za Subaru Impreza WRX

Impreza WRX ya kizazi cha GDA (herufi za mwanzo za namba ya chesi) ilitoka Japani na breki zinazotosha nguvu zake za kiwandani. Halafu gari linaongezewa turbo, ekzosi inapanuliwa, kompyuta inachezewa, na mwenye gari anakuja kugundua anaposhuka Kitonga au barabara ya Mai Mahiu kwamba linavyokimbia sivyo linavyosimama. Ushauri wa kijiweni huwa uleule: tafuta Brembo za STI (breki za kampuni ya Brembo zinazofungwa kwenye STI, toleo kali la WRX), zile kalipa za dhahabu (kalipa ni kifaa chenye pistoni kinachobana pedi kwenye diski), umalize kazi. Zinapendeza nyuma ya rimu, hilo halina ubishi. Lakini kwa gari la mtaani, mara nyingi fedha hiyo inatibu ugonjwa usiokuwepo, na ugonjwa wenyewe unabaki ndani ya mafuta ya breki ya miaka minne.

Anza na jaribio dogo. Kwenye lami kavu, mahali salama pasipo na gari nyuma, kanyaga breki kwa nguvu zote ukiwa na mwendo wa 80. Ukisikia ABS (mfumo unaozuia magurudumu kugoma) inapigapiga chini ya mguu, breki zako tayari zina nguvu kuliko tairi. Kalipa kubwa haitakupunguzia hata mita moja ya kusimama hapo, kwa sababu aliyeshindwa ni mpira unaogusa lami. Soma tarakimu 4 za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni mwa tairi: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira wa tairi hukauka hata kama kashata bado zimesimama, na tairi la mtumba lililokwisha kukauka huteleza mapema. Seti ya tairi nzuri na mpya ndiyo breki ya kwanza kununua. Hakuna anayependa kusikia hivyo, maana tairi haipakwi rangi ya dhahabu.

Sasa, kama breki za kawaida zinaweza kuamsha ABS, kwa nini watu hufunga breki kubwa? Kwa sababu ya joto, na hapa hesabu kidogo inasaidia. Breki haiui mwendo, inaugeuza kuwa joto. Gari la kilo 1,450 pamoja na dereva, likiwa kwenye kilomita 100 kwa saa, linabeba kilojuli 560 hivi. Kwenye 160 linabeba takriban 1,430, yaani zaidi ya mara mbili na nusu, maana nishati hupanda kwa mraba wa mwendo. Breki za mbele hubeba kama asilimia 70 ya kazi. Diski ya mbele ya milimita 294 kwa unene wa 24 ina uzito wa karibu kilo 7 za chuma. Ukisimama mara moja kutoka 100, kila diski ya mbele inapanda joto kwa nyuzi 60 hivi. Kutoka 160 inapanda kama nyuzi 155. Rudia mara nne bila kuipa nafasi ya kupoa na umeshapita nyuzi 500, ambako pedi nyingi za kawaida zimeshakata tamaa.

Mteremko ndio unaowadanganya wengi, kwa sababu mwendo ni mdogo. Gari hilohilo likishuka kimo cha mita 100 linatoa kilojuli 1,420 za nishati, karibu sawasawa na kusimama kutoka 160. Upepo na injini hubeba sehemu, lakini ukiwa umeweka gia ya juu na mguu umelala kwenye breki, sehemu kubwa inaingia kwenye diski. Mteremko wa bonde la ufa una mamia ya mita za namna hiyo. Ndiyo maana gia ya 2 au ya 3 ni kifaa cha breki kisichouzwa dukani.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: kilichoshindwa kwanza ni nini? Pedeli yenyewe hukwambia.

Pedeli ikizama laini kama unakanyaga sponji, na ukiipampu inarudi kidogo, mafuta yamechemka. Mvuke unagandamizika, mafuta hayagandamiziki, na mguu wako unabana mvuke badala ya kubana pedi. Pedeli ikiwa ngumu kama kawaida, unakanyaga kwa nguvu zote na gari halipungui, mara nyingi na harufu ya kuungua, ni pedi zilizozidiwa na joto. Usukani ukitetemeka unapokanyaga, fundi atakwambia diski imepinda. Mara nyingi haijapinda. Pedi moto imeacha utando wa vumbi lake sehemu moja ya diski, pengine kwa sababu ulisimama kwenye foleni baada ya mteremko na mguu ukabaki juu ya breki, na sasa kila mzunguko pedi inapita juu ya lile baka. Na pedeli ikizama polepole ukiwa umesimama, mguu umetulia, hakuna mafuta yanayovuja popote, basi sili za ndani za masta silinda (pampu ya mafuta inayosukumwa na pedeli) zinapitisha. Hakuna kalipa duniani itakayoponya hilo.

Kuna sababu moja zaidi, ya kijinga na ya kawaida kuliko zote. Kalipa ya WRX nyingi mbele ni ya pistoni 2 upande mmoja, nayo huteleza juu ya pini mbili ili pedi ya upande wa pili nayo ibane. Pini zikikauka grisi, au fundi akipaka ile ya bearingi inayovimbisha raba, kalipa haitelezi. Vua gurudumu utazame: pedi ya ndani imebaki milimita 3, ya nje ina 8. Hapo unasimama kwa nusu ya breki. Chomoa pini, safisha kutu, paka grisi ya silikoni ya breki, badilisha raba za vumbi. Magari mengi yaliyotafutiwa Brembo yalihitaji kazi hii ya saa moja.

Mafuta, pedi, mipira

Mafuta ya breki ya glaikoli hunyonya maji kutoka hewani kupitia mipira ya breki (paipu za raba zinazopeleka mafuta kwenye kalipa) na mfuniko wa tangi, na maji hushusha kiwango chake cha kuchemka. Viwango vya chini vinavyotakiwa kwa kila daraja la mafuta ni hivi: DOT 3 ikiwa mpya ichemke kuanzia nyuzi 205, ikiwa imenyonya maji asilimia 3.7 isishuke chini ya 140. DOT 4 ni 230 na 155. DOT 5.1 ni 260 na 180. Angalia pengo hilo. Gari lililokaa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa bila kubadilishwa mafuta, kwenye unyevu ule wa pwani, linatembea na namba ya pili, si ya kwanza. Kopo lililofunguliwa mwaka jana na kufungwa kwa mfuniko nusu hali yake ni hiyohiyo, hata kama fundi anakuapia.

Kwa gari la mtaani linaloendeshwa kwa bidii, DOT 4 nzuri au 5.1 inatosha, ikibadilishwa kila mwaka. Mafuta ya mashindano kama Motul RBF 600 yanafikia nyuzi 312 yakiwa mapya, ila nayo yananyonya maji, hivyo ukiyaweka uyabadilishe mara kwa mara. Jihadhari na jina: DOT 5, bila ile nukta moja, ni silikoni. Haichanganyiki na hizo nyingine na haifai kwenye gari lenye ABS. Makopo mawili ya nusu lita yanatosha kusukuma mafuta yote ya zamani nje, na yakimwagika kwenye rangi ya gari, mwagia maji mengi papo hapo.

Pedi ndiyo mabadiliko yenye faida kubwa kwa fedha ndogo. Kwenye mgongo wa pedi nyingi kuna herufi mbili pamoja zilizochapwa mwishoni mwa namba ndefu. Herufi ya kwanza ni mshiko wa kawaida, ya pili ni mshiko wa moto. E ni 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Pedi yenye FE inapoteza mshiko ikipata moto. FF inashikilia palepale. Herufi hizo hazisemi pedi itadumu muda gani wala itakula diski kiasi gani, lakini pedi isiyo na maandishi yoyote, ndani ya boksi lenye uchapaji uliofifia, tayari imeshajieleza. Madukani Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, utapata halali na feki kwenye rafu moja. Linganisha boksi, namba na chuma cha mgongo, na epuka pedi ambayo kingo zake zinamenyeka kwa ukucha.

Chagua pedi ya mtaani yenye uwezo wa juu, si ya mashindano. Pedi ya mashindano halisi inataka joto la nyuzi mia na zaidi ndipo ishike sawasawa. Asubuhi ya baridi ya Limuru, mtoto akivuka barabara mita 200 kutoka nyumbani, pedi hiyo bado imelala. Tena inapiga kelele na kulamba diski.

Mipira ya breki ya miaka 20 huvimba kidogo kila unapokanyaga, na uvimbe huo unakula nguvu ya mguu wako kabla haijafika kwenye pistoni. Ile iliyosukwa kwa waya wa chuma cha pua haiongezi nguvu ya breki wala haipunguzi joto. Inafanya pedeli iwe imara na mguu uelewe kinachotokea chini. Nunua yenye alama za viwango zilizochapwa kwenye mpira wenyewe. Ukishafunga, zungusha usukani kulia mpaka mwisho, kisha kushoto, gari likiwa juu ya jeki na halafu likiwa chini, uone kama mpira unavutika au unagusa rimu. Vishikizo vya kiwandani vipo kwa sababu hiyo, visiachwe kwenye beseni la gereji. Washa za shaba kwenye bolti yenye tundu huwekwa mpya, mbili kwa kila bolti, moja juu na moja chini ya jicho la mpira.

Kwa wengi, kazi inaishia hapa. Mafuta mapya, pedi za maana, mipira mipya, diski mpya za kawaida zisizo na mashimo. Kuhusu mashimo, diski iliyotobolewa ni nyepesi, kwa hiyo ina chuma kidogo cha kubeba joto, na nyufa huanzia kwenye matundu. Mifereji iliyochongwa juu juu haina shida hiyo, ila inakula pedi haraka. Diski ya milimita 24 ina kikomo cha 22. Ikifika hapo haichongwi tena, inatupwa.

Ukiamua kalipa

Kuna hatua mbili za Subaru zenyewe. Ya kwanza ni kalipa ya pistoni 4 iliyotumika kwenye Impreza na Legacy kadhaa. Baadhi ya WRX zilitoka nazo kiwandani, kwa hiyo vua gurudumu kwanza usije ukanunua ulichonacho. Inaingia kwenye matundu yaleyale ya bolti, inatumia diski ya 294, na rimu nyingi za inchi 16 zinaifunika. Pistoni zake ni za milimita 42.8, mbili kila upande, na kalipa ya kuteleza ina pistoni mbili za kipimo hichohicho. Kwa hesabu ya breki, zinahesabiwa pistoni za upande mmoja tu, kwa kuwa upande wa pili ni jibu lake. Maana yake nguvu ya kubana haibadiliki. Unachopata ni mwili mgumu usiopanuka, pedi kubwa zaidi na kukosekana kwa pini za kuteleza zinazokwama. Mizani ya mbele na nyuma inabaki ilivyokuwa, na hilo ni jambo jema.

Ya pili ndiyo Brembo ya STI: diski ya mbele ya 326 kwa unene wa 30, ya nyuma 316 kwa 20. Pistoni za mbele ni 40 na 46 kila upande. Ukipiga hesabu ya eneo, 40 na 46 zinatoa milimita za mraba 2,919, na mbili za 42.8 zinatoa 2,877. Tofauti ni ndogo mno. Faida inatoka kwenye diski: pedi inabana mbali zaidi na kitovu kwa karibu asilimia 11, na chuma cha kubeba joto kimeongezeka sana. Ukifunga mbele tu ukaacha nyuma kama ilivyo, nguvu ya mbele inapanda kwa asilimia 12 hivi na ya nyuma inabaki. Tairi za mbele zitafika ukomo mapema, ABS itaingia mapema, na matairi ya nyuma yatakuwa yanasindikiza tu. Gari lililofungwa hivyo linaweza kuchukua umbali mrefu zaidi kusimama kuliko mwanzo.

Na nyuma si kazi ya kufunga na kuondoka. Breki ya mkono ya Subaru hukaa ndani ya diski ya nyuma kama ngoma ndogo, nayo ina vipimo viwili, 170 na 190. Sahani ya nyuma, viatu na diski lazima vipatane. Halafu kuna bolti za gurudumu: STI za mwanzo za GDB (chesi ya STI) ni 5x100, yaani bolti 5 kwenye duara la milimita 100, kama WRX, za baadaye, kuanzia 2005, ni 5x114.3. Diski ya 5x114.3 haiingii kwenye habu (kitovu cha gurudumu) yako hata ukiibembeleza. Mbele, sahani ya vumbi ya WRX ni ndogo kwa diski ya 326, inabidi ibadilishwe au ikatwe. Rimu iwe ya inchi 17 au zaidi, na si kila ya 17 inapita, kwa sababu kinachogusa ni mkono wa rimu ukija ndani, si duara. Kata umbo la kalipa kwenye kadibodi, liweke ndani ya rimu, na hakikisha pamebaki angalau milimita 3 kila mahali.

Kalipa hizi hapa kwetu karibu zote ni za mtumba kutoka Japani au Dubai, na rangi mpya ya kupuliza ndiyo dalili ya kwanza ya kutilia shaka. Fungua raba za vumbi. Ukiona kutu kwenye ukuta wa pistoni, sili mpya hazitasaidia kwa muda mrefu. Pistoni nayo ibadilishwe. Kila pistoni irudi ndani kwa kusukuma na kipande cha mbao bila kupigwa nyundo. Ukiitoa kwa upepo wa kompresa, weka mbao katikati na vidole mbali, kwa sababu hutoka kama risasi. Jaribu pia kufungua nipo, vile vichuchu vya kutolea hewa iliyonasa kwenye mafuta, kabla hujalipa. Nipo iliyokatikia ndani inaweza kukugharimu kalipa nzima.

Wakati wa kufunga, uso wa habu usafishwe kwa brashi ya waya mpaka ung'ae. Punje ya kutu chini ya diski inaifanya iyumbe, na kuyumba kwa zaidi ya milimita 0.05 kunatosha kuleta mtetemo baada ya wiki chache. Bolti za kalipa ya kawaida na ya pistoni 4 mbele hukazwa kwa Nm (nyutonimita, kipimo cha nguvu ya kukaza) 80, za Brembo ya mbele Nm 155. Ile ya mpira Nm 18 na nipo Nm 8 tu. Nati za gurudumu ni kama Nm 100, kwa mpangilio wa nyota, kwa spana ya kipimo na si kwa kurukia kipande cha bomba.

Kosa linaloharibu kazi nzuri kuliko yote ni kufunga kalipa ya kulia upande wa kushoto. Bolti zinaingia, gurudumu linazunguka, kila kitu kinaonekana sawa, ila nipo imetazama chini. Hewa hukaa juu, kwa hiyo unaweza kutoa upepo kuanzia asubuhi hadi magharibi na pedeli ikabaki sponji. Nipo ya kutolea ikae juu, basi. Kalipa za Brembo zina nipo mbili: fungua ya nje kwanza, kisha ya ndani.

Ukitoa upepo kwa mguu wa msaidizi, weka kipande cha mbao chini ya pedeli isizame hadi mwisho. Kwenye masta silinda ya zamani, sehemu ya mbele kabisa haijawahi kuguswa na sili kwa miaka, na ina kutu na uchafu. Pedeli ikienda mpaka sakafuni, sili zinapita juu ya uchafu huo na kuchanika. Ndiyo maana breki zilizokuwa nzima huanza kuzama siku ya pili baada ya huduma. Tangi lisikauke hata mara moja, na ufuate mpangilio wa magurudumu ulio kwenye kitabu cha gari lako, kwani mzunguko wa Subaru umeunganishwa kimshazari.

Wengi hukimbilia pia masta silinda kubwa. Kutoka kipenyo cha 25.4 hadi 26.99, eneo linaongezeka kwa asilimia 13. Pedeli inakuwa fupi na ngumu, na unalazimika kukanyaga kwa nguvu zaidi kwa asilimia hiyohiyo kupata breki ileile. Kama kinachokukera ni pedeli ndefu, kagua kwanza ukuta wa nyuma ya injini unavyopinda masta silinda inaposukumwa. Mtu mmoja akanyage, mwingine atazame. Kishikizo cha chuma kinachoizuia kusogea mbele ni rahisi na hakigusi hesabu ya breki.

Kabla gari halijatoka gereji, pampu pedeli mpaka iwe ngumu. Baada ya kurudisha pistoni ndani, mkanyago wa kwanza huenda bila kushika kitu, na si jambo la kuligundua ukiwa unateremka getini.

Kisha pedi na diski zizoeshwe. Barabara tupu, punguza mwendo kutoka 60 hadi 20 mara nne au tano taratibu, halafu kutoka 100 hadi 30 mara nane kwa nguvu ya wastani, bila kusimama kabisa na bila kuamsha ABS. Katikati utasikia harufu na pengine mshiko upungue kidogo. Ni gundi ya pedi inaungua. Baada ya hapo endesha dakika 10 au 15 bila kugusa breki kadiri inavyowezekana, na ukiegesha, usivute breki ya mkono. Uso wa diski ukiwa umepata rangi ya kijivu cha bluu iliyosambaa sawasawa, zimekubaliana. Ukiona mabaka, rudia siku ya pili diski zikiwa baridi. Ukifikisha kilomita 100, kaza tena nati za magurudumu, halafu pitisha kitambaa cheupe kwenye kila kiungo cha mpira na kila nipo uone kama kinatoka kikiwa kimelowa.